Okot p'Bitek: Msomi wa Oxford aliyeirudisha ngoma kwa wenyewe

Okot p'Bitek alipofariki dunia jijini Kampala Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 51, alikuwa profesa wa uandishi wa kubuni katika Chuo Kikuu cha Makerere. Nyuma yake aliacha riwaya, mashairi, utafiti wa dini na jina kubwa katika fasihi ya Afrika.

Jina hilo hutajwa zaidi kwa sababu ya Song of Lawino, utenzi uliosomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Kazi yake nyingine haitajwi sana, ingawa ndiyo iliyomtafutia maadui. Ni kazi ya kukusanya waimbaji, wachezaji ngoma na wapiga ala wa mitaani na vijijini na kuwapa nafasi ambayo walinyimwa katika nchi yao wenyewe.

Aliifanya Gulu, akaifanya Kampala, na alipofukuzwa Kampala akaianza upya Kisumu.

Mtoto wa mtunzi wa nyimbo

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, tarehe 7 Juni 1931, katika familia ya Waacholi waliokuwa wamepokea Ukristo wa Kiprotestanti. Baba yake, Jebedayo Opii, alikuwa mwalimu wa shule na msimulizi hodari wa hadithi. Mama yake, Lacwaa Cerina, alijulikana kwa kutunga nyimbo na kuongoza ngoma.

Kwa hiyo kijana huyo alikulia kati ya shule mbili. Moja ilikuwa ya ubao na chaki. Nyingine ilikuwa ya wang oo, moto wa jioni uani, ambapo watoto wa Kiacholi walifundishwa hadithi, vitendawili, ukoo na adabu.

Alisoma Gulu High School, kisha akapelekwa kusini, King's College Budo, shule iliyowalea watoto wa machifu na viongozi wa Uganda. Akiwa bado mwanafunzi Budo, alitunga na kuandaa opera. Baada ya hapo alisomea ualimu Mbarara, akarudi kwao kufundisha Sir Samuel Baker School, karibu na Gulu, ambako aliongoza pia kwaya.

Mwaka 1953, akiwa na miaka 22, alichapisha riwaya kwa Kiacholi, Lak Tar. Inamhusu kijana fukara anayekosa mahari, anayekwenda kusini kutafuta kibarua katika mashamba ya miwa, na anayeibiwa akiba yake yote njiani akirudi nyumbani. Kilikuwa kisa ambacho vijana wengi wa kaskazini walikijua kwa kukiishi.

Mpira wafungua njia ya Uingereza

Vyuo vya Ulaya alivifikia kwa miguu yake, kwa maana ya mpira. Okot alikuwa mchezaji wa timu ya taifa ya Uganda, na mwaka 1956 timu hiyo ilipofanya ziara Uingereza, yeye alibaki huko kusoma.

Alianza na stashahada ya elimu Bristol. Akaenda Aberystwyth, Wales, kusomea sheria. Sheria za jadi za Kiafrika zilimvutia kuliko sheria za Kiingereza, na udadisi huo ukamfikisha Oxford, katika Taasisi ya Anthropolojia ya Jamii iliyokuwa ikiongozwa na E. E. Evans-Pritchard, mtafiti mashuhuri wa jamii za Sudan.

Huko alikutana na jambo ambalo hakulisahau maisha yake yote. Katika mihadhara, baadhi ya walimu waliwataja Waafrika kwa maneno ya washenzi na watu wa kale wasiostaarabika, naye mwenyewe ameketi darasani anasikiliza. Alilalamika, lakini hakuna kilichobadilika.

Jibu lake lilikuwa kuandika tasnifu kuhusu nyimbo za jadi za Waacholi na Walango, iliyompa shahada mwaka 1963. Nyimbo za mama yake zikawa somo la Oxford.

Darasa nje ya lango la chuo

Aliporejea, Uganda ilikuwa imeshapata uhuru, Oktoba 1962. Msomi mwenye vyeti kama vyake angeweza kutafuta ofisi ya wizara Kampala au Entebbe. Yeye alikubali kazi Gulu, katika idara ya Makerere iliyohusika na masomo ya nje ya chuo.

Idara hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1953, ilikuwa na jukumu la kuwafikia watu wazima ambao kamwe wasingeingia chuoni: walimu wa shule za msingi, makarani, wakulima na wafanyabiashara wadogo. Mkufunzi alikaa wilayani, akaandaa mihadhara ya jioni na kozi fupi, na kwa kufanya hivyo akawajua watu wa mji na wa vijijini.

Okot aliitumia nafasi hiyo kwa namna ambayo barua ya ajira haikutaja. Pamoja na marafiki wa Gulu, alikusanya vikundi vya nyimbo na ngoma, na katikati ya miaka ya 1960 wakaanzisha tamasha la sanaa la Gulu. Yeye mwenyewe hakukaa kwenye kiti cha mgeni rasmi. Aliingia uwanjani na kucheza.

Waacholi wana utajiri mkubwa wa ngoma. Kuna bwola, ngoma ya heshima inayochezwa kwa ajili ya rwot, yaani chifu. Kuna otole, ya kivita. Kuna larakaraka ya vijana wanaotafuta wachumba, ambapo wachezaji hupiga vibuyu vilivyokatwa nusu kwa kutumia spoku za baiskeli. Kuna pia nanga, ala ya nyuzi inayomsindikiza msimulizi mmoja.

Kwa muda mrefu makanisa na shule za misheni zilikuwa zimezitazama ngoma hizo kama mabaki ya ushenzi. Mwanafunzi aliyeonekana uwanjani usiku aliweza kuadhibiwa asubuhi. Kwa msomi aliyetoka Oxford kucheza hadharani, mchana, mbele ya wazazi na walimu, ujumbe ulieleweka hata bila hotuba.

Lawino na mumewe msomi

Katika miaka hiyohiyo aliandika utenzi uliomfanya maarufu. Aliutunga kwa Kiacholi, Wer pa Lawino, kisha akauweka mwenyewe katika Kiingereza. Toleo la Kiingereza lilitangulia, likachapishwa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1966. Lile la Kiacholi lilifuata mwaka 1969.

Msemaji ni Lawino, mwanamke asiyesoma, anayemlalamikia mumewe Ocol. Mume amesoma, ameingia siasa, na amemchukua mwanamke mwingine anayejipaka poda na kuongea Kizungu. Anaona aibu kwa mke wake, kwa mama yake na kwa kila kitu cha nyumbani.

Lawino anajibu kwa kejeli na kwa machungu, akitaja ngoma, chakula, nywele, saa, dini na vyama vya siasa. Anasikitika kuona ndugu wa tumbo moja wakiwa maadui kwa sababu mmoja yuko chama cha DP na mwingine UPC, ilhali wananchi hawajaona walichopata kwa uhuru.

Nguzo ya utenzi huo ni methali ya Waacholi inayokataza kung'oa boga lililoota kwenye makazi ya zamani. Boga hilo halina mwenyewe. Linamlisha yeyote anayepita, na anayeling'oa hajipunguzii chochote ila chakula.

Wasomaji wengi walimwona Ocol kuwa ni mfano wa wakubwa wa siku zile. Hata hivyo, mwandishi mwenyewe alikuwa na vyeti vingi kuliko Ocol, na alijua vishawishi vya Ocol kutoka ndani. Alipocheza larakaraka Gulu, alikuwa akichagua upande.

Mwaka 1975 kitabu hicho kilitoka kwa Kiswahili kwa jina Wimbo wa Lawino, kikiwa kimetafsiriwa na Paul Sozigwa wa Tanzania.

Hoja yake dhidi ya padri wa Katanga

Okot hakupigana na wanasiasa pekee. Mwaka 1964 aliandika katika jarida la Transition, lililokuwa likitoka Kampala, uhakiki mkali wa kitabu cha Falsafa ya Kibantu cha Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji.

Tempels alikiandika kitabu hicho mwaka 1945 baada ya kuishi miaka mingi miongoni mwa Waluba wa Katanga. Wakati wake kilishtua wakoloni, kwa sababu kilisema Mwafrika ana falsafa kamili, si ushirikina mtupu. Wasomi kadhaa wa Kiafrika walikishangilia.

Okot hakushangilia. Aliuliza ni vipi yaliyoonekana kwa jamii moja ya Kongo yageuzwe kuwa fikra za Wabantu wote, na baadaye za Afrika nzima. Aliona pia hatari ya mmisionari kuichunguza imani ya Waafrika ili kupata mlango wa kuingizia yake. Hoja hizo alizipanua katika kitabu chake African Religions in Western Scholarship, ambamo hakuwaacha hata Waafrika waliokuwa wakimvisha Mungu wa mababu mavazi ya kigeni.

Historia ina mzaha wake. Kuanzia mwaka 1953 Tempels alikuwa eneo la Kolwezi, miongoni mwa wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Union Minière. Huko, katika kambi kama Musonoi, ilikua Jamaa, harakati ambayo mume na mke walifundishana na kufundisha wenzao kwa Kiswahili cha Katanga, kwa maneno yao wenyewe. Padri aliondoka Kongo mwaka 1962, lakini wachimba madini na wake zao waliendelea kukutana.

Hapo, pengine bila kujua, wana Jamaa wa Kolwezi na mkufunzi wa Gulu walikuwa wakikubaliana katika jambo moja: kwamba mtu wa kawaida hahitaji kusubiri msomi aje kumwambia anachofikiri.

Ukumbi wa Taifa wabadilishwa

Mwaka 1966 Okot alihamia Kampala na kukabidhiwa uongozi wa Kituo cha Taifa cha Utamaduni cha Uganda, pamoja na ukumbi wake wa maonyesho. Ulikuwa mwaka mgumu. Mwezi Mei jeshi la serikali ya Milton Obote, chini ya Idi Amin, lilishambulia kasri la Kabaka pale Mengo, na Kabaka Mutesa II akakimbilia uhamishoni. Mwaka uliofuata katiba mpya ilifuta falme zote.

Ukumbi wenyewe ulifunguliwa mwaka 1959, katika siku za mwisho za ukoloni. Kwa miaka yake ya kwanza programu zake zilielemea tamthilia za Kiingereza na muziki wa Ulaya, zikiandaliwa na vikundi vya wageni waishio Kampala kwa ajili ya watazamaji wa aina yao. Mwananchi wa kawaida alipita nje tu akienda sokoni.

Mkurugenzi mpya aligeuza mambo. Alialika vikundi vya ngoma na nyimbo kutoka pande mbalimbali za nchi, akatoa maonyesho nje ya jengo, na akaandaa tamasha kubwa wakati wa sherehe za uhuru. Kwake, viti vilivyopangwa safu vikitazama jukwaa lenye taa vilikuwa ni desturi ya watu fulani tu. Uwanja wa ngoma hauna mtazamaji. Kila aliyefika anaitikia, anapiga makofi au anaingia kucheza.

Katika insha zake, zilizokusanywa mwaka 1973 katika kitabu Africa's Cultural Revolution chenye utangulizi wa Ngũgĩ wa Thiong'o, alieleza kwamba utamaduni si pambo la kuwaonyesha watalii wala kitengo cha wizara. Ni namna watu wanavyoishi: wanavyooa, wanavyozika, wanavyogawana na wanavyowakosoa watawala wao. Msanii, kwa maoni yake, ndiye mtawala wa kweli, kwa sababu wimbo wake unaweka sheria mioyoni kabla bunge halijakutana.

Fikra hizo si rahisi kumezwa na serikali yoyote. Uongozi wake ulikatika mwaka 1968. Alikuwa amesafiri Zambia, na kazi yake ikawa imekwisha. Wengi walioandika kuhusu maisha yake wamehusisha kuondolewa huko na maneno yake makali dhidi ya wanasiasa, katika utenzi na nje ya utenzi. Miaka miwili tu baada ya kupewa nyumba ya utamaduni wa taifa, hakuwa na kazi wala mahali salama nchini mwake.

Kuanza upya Kisumu

Aliyepoteza cheo cha taifa angeweza kunyamaza. Okot alivuka mpaka na kuingia Kenya, akapata kazi ileile aliyoanza nayo: masomo ya nje ya chuo, safari hii chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichokuwa bado chuo kishiriki. Kituo chake kilikuwa Kisumu.

Lugha ya Wajaluo ni ndugu wa karibu wa Kiacholi, na mgeni huyo hakuhitaji muda mrefu kuelewana na wenyeji. Desemba 1968, mwaka uleule alioondolewa Kampala, Kisumu ilifanya tamasha lake la sanaa chini ya uongozi wake.

Tamasha la Kisumu linastahili kukumbukwa kwa jambo moja hasa. Halikufanywa katika mji mkuu. Wakati ule taasisi za sanaa za Kenya, kumbi na nyumba za uchapishaji zilikuwa zimejaa Nairobi. Kumweka mpiga nyatiti wa kijijini katikati ya programu, katika mji wa ziwani, kulikuwa ni kusema kwamba makao makuu ya sanaa yako pale alipo msanii.

Mwaka huohuo Nairobi, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe ili fasihi ya Afrika, pamoja na ile ya mdomo, iwe kitovu cha masomo. Walichodai kwa waraka chuoni, Okot alikuwa akikifanya kwa ngoma Kisumu.

Miaka ya uhamishoni

Baada ya kukaa Iowa, Marekani, katika programu ya kimataifa ya waandishi, alirudi Nairobi na kufanya kazi katika Taasisi ya Taaluma za Afrika, huku akifundisha pia chuoni. Mwaka 1970 alitoa Song of Ocol, jibu la mume kwa Lawino.

Mwaka huohuo Oxford ilikataa tasnifu yake ya udaktari kuhusu dini ya Waluo wa Kati. Mwaka 1971 ilichapishwa Nairobi kama kitabu, na wasomaji wakapata nafasi ya kuamua wenyewe. Mwaka huo pia alitoa Two Songs, kimojawapo kikiwa sauti ya mfungwa, kilichosukumwa na mauaji ya Tom Mboya ya Julai 1969. Kitabu hicho kilimpatia Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na mlango wa kurudi nyumbani ukafungwa kabisa. Waacholi wengi, wakiwemo askari, waliuawa. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, naye Mwacholi, aliuawa mikononi mwa utawala.

Wiki chache baadaye ilikuwa zamu ya Byron Kawadwa, mtunzi wa tamthilia aliyekuwa akiongoza sanaa katika Ukumbi wa Taifa uleule wa Kampala. Alikuwa amerudi na kikundi chake kutoka tamasha la sanaa la FESTAC jijini Lagos. Alitekwa na kuuawa. Kuonyesha igizo nchini Uganda kulikuwa kumefika thamani ya roho ya mtu.

Uhamishoni Okot aliendelea kukusanya. Horn of My Love, mwaka 1974, ni hazina ya nyimbo za Waacholi: za mapenzi, za vita, za msiba. Hare and Hornbill, mwaka 1978, ni mkusanyiko wa hadithi. Alifundisha pia Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria.

Amin alianguka Aprili 1979. Okot alirudi Makerere, na hatimaye akapewa uprofesa wa uandishi wa kubuni. Hakuukalia muda mrefu.

Alichoacha

Binti zake wawili, Jane na Juliane, nao ni washairi. Song of Lawino bado inachapishwa na kufundishwa, na Taban lo Liyong aliitafsiri upya kutoka Kiacholi.

Lakini hoja ya Okot ilikuja kupimwa mahali pengine. Kuanzia mwaka 1986 vita viliikumba Acholi kwa miaka 20 hivi. Zaidi ya watu milioni moja wa kaskazini walifungiwa katika kambi za wakimbizi wa ndani, vibanda vikiwa vimesongamana, mchana chakula cha msaada, usiku hofu. Uani hapakuwa na nafasi ya moto wa jioni. Watoto walikua bila wang oo.

Ndipo ilipoonekana kwamba hakuwa akitetea burudani. Jamii iliponyimwa mahali pa kukusanyika, ilipoteza pamoja na nyimbo njia yake ya kufundisha, kuonya na kupatanisha. Amani iliporudi, ngoma zilirudi pia, kwa sababu waliozijua walikuwa bado wako hai.

Vitabu vya Okot viliyahifadhi maneno ya nyimbo hizo. Yeye mwenyewe alifundisha kwamba wimbo makazi yake ni mdomoni na miguuni mwa watu, na ndiyo maana kila alipopewa ofisi, alitafuta kwanza uwanja.